ICU ya hospitali moja hapa Tanga: manesi nawapa maua yao, ila mgonjwa akishatoka mnatuacha wenyewe

Watu wakitaka kujua ICU fulani, yani wodi ya wagonjwa mahututi, ikoje wanauliza vitu viwili tu, mashine zipo na bei gani. Mi naomba leo niandike kuhusu kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kabla mama yangu hajalazwa pale, yani namna mgonjwa na ndugu zake wanavyohudumiwa kama watu. Mashine kiukweli zilifanya kazi yake, sina neno nazo. Kilichofanya familia yetu isisambaratike ni manesi, na kilichotuumiza zaidi kilikuja baada ya kuruhusiwa, wakati kila mtu anatupongeza mgonjwa kapona. Hospitali sitaji jina, ipo hapa Tanga mjini.

Mama ana sukari, akapata nimonia kali, tukaanzia kituo cha afya huku kwetu, oksijeni ikawa haipandi, usiku huohuo wakamhamishia ICU wakamuwekea mashine ya kupumulia na dawa za kumlaza. Alikaa humo zaidi ya wiki mbili.

Siku tuliyoruhusiwa kumuona mara ya kwanza kuna sista mmoja wa makamo alituvuta pembeni mimi na mjomba kabla hatujaingia, akatukalisha, akasema: "Mjomba, na wewe mwanangu, nisikilizeni kwanza. Mtamkuta kavimba uso, msishtuke, ni ugonjwa na maji ya dripu. Ana mpira mdomoni kwahiyo hata akiamka hawezi kuongea. Mikono tumemfunga na bandeji laini kwenye reli ya kitanda maana usiku alitaka kuung'oa ule mpira, akitulia tunamfungua. Mashine zikilia msikimbie, mara nyingi zinatuita sisi tuje kubadilisha dripu. Mkifika mshikeni mkono, mtajieni majina yenu, muongee nae kama kawaida."

Ilichukua kama dakika tano hivi. Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare, mtu mgumu, sijawahi kuona chozi lake hata kwenye misiba, siku ile alilia palepale mlangoni, lakini alilia akiwa anajua anachokiona. Wenzetu wa kitanda cha pili waliingia zamu nyingine na hakuna aliyewaambia chochote, binti wa watu alivyoona baba yake kafungwa mikono alipiga yowe wodi nzima, anajua wanamtesa mzee. Wodi ileile, wiki ileile. Na hii ndio lawama yangu ya kwanza, huduma nzuri pale inategemea umekutana na zamu ya nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani familia nyingi za huku kwetu limewapata na wamelimezea.

Walipompunguzia dawa za usingizi na kumtoa mpira tulijua ndio tumeshavuka, kumbe mama akaanza kuweweseka. Anasema yuko kwenye jahazi linaenda Pemba, maji yanaingia, anawaita watu waliokufa zamani kwa majina yao, anaona paka juu ya moniteri, ile skrini ya kuonyesha mapigo ya moyo, nesi akisogea anamsukuma anasema hawa wanataka kunitupa baharini pale Raskazone. Alafu ukija kesho yake asubuhi anakuuliza vizuri kabisa umekula mwanangu, unafurahi, jioni hakujui. Siku nyingine hasemi kitu, anaangalia ukuta tu, na hiyo ya ukimya manesi waliniambia ni hali ileile ila huwa inapita bila kuonekana kwa sababu mgonjwa hasumbui mtu.

Nyie mnaijua Tanga yetu. Mama mdogo alikuja kutoka Pangani akamuangalia dada yake dakika mbili akasema huyu kapandisha, si bure. Grupu la familia WhatsApp likawaka, huyu anasema atolewe akatibiwe kienyeji, yule anasema kuna mtu anahusika, wakaanza kutaja hadi jirani, watu wa tumbo moja wakakosana. Kesho yake mama mdogo kaja na kombe kwenye chupa ya maji, yani aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, anataka mgonjwa anywe.

Sista yule hakumcheka wala hakumfokea. Alimwambia hivi, nakumbuka vizuri maana nilikuwa nimesimama hapohapo nimejiandaa kwa ugomvi: "Mama, dua endeleeni, na sisi tunawaombea. Ila kombe kwa sasa hawezi, kumeza kwake bado shida, likipita njia ya hewa linaingia kwenye mapafu tunaanza upya. Kaa hapa msomee Yasini kwa sauti ya chini, sauti anazozijua zinamsaidia." Mama mdogo akapewa stuli, akasoma. Ndipo sista akatueleza taratibu kwamba huu ni ubongo umezidiwa, homa, maambukizi, dawa za usingizi, na kukosa usingizi wenyewe wa kweli, maana mle ndani taa zinawaka na mashine zinalia usiku kucha, na wengi hali hii hupungua kadri mwili unavyopona. Grupu likapoa siku ileile.

Nikaja kusoma baadae, kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2013, walifuatilia wagonjwa mahututi 821, na asilimia 74 kati yao walichanganyikiwa namna hii wakiwa bado hospitalini. Yani karibu watatu kwa kila wanne. Kitu kinachowapata wengi kiasi hicho, mbona hakuna hata karatasi moja pale ukutani inayosema mgonjwa wako anaweza kuweweseka, hajarogwa, hajawa kichaa? Ni ndugu wangapi wamemtoa mtu wao kitandani wakakimbia nae kwa mganga wakati alihitaji siku chache tu za uangalizi?

Manesi wa zamu ile walikuwa na utaratibu wao na niliufuata kwa macho. Walituambia tulete miwani ya mama, saa ya ukutani yenye namba kubwa na kalenda. Mchana wanafungua pazia mwanga uingie, usiku wanapunguza taa ya upande wake. Na kila wakimgeuza, maana walikuwa wanamgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya kulalia, yule sista anainama karibu na sikio anamwambia "Shikamoo mama, ni nesi wako, leo Jumatano asubuhi, uko hospitali hapahapa Tanga, watoto wako wako nje, nakulaza ubavu wa kulia." Alikuwa anafanya hivyo tangu mama hajitambui kabisa. Mtu yuko kwenye mashine, macho yamefumba, hawezi kuitikia marahaba, na bado anaamkiwa. Jamani mimi hii kitu sitaisahau, kwa sababu siku zile hata sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kumuongelea mama yetu kama vile hayupo.

Kingine ni daftari. Sista aliniambia nunua daftari la kawaida la shule, kila siku andika nini kimetokea, kwa lugha rahisi, nani kaja, dokta kasema nini, kafumbua macho saa ngapi, na wao wakipata nafasi wanaandika mstari mmoja miwili. Nilifikiri ni ya kunipa kazi nisikae nalia, kumbe ni kitu kinafanyika, manesi wa nchi za Skandinavia wamekuwa wakiwaandikia wagonjwa wao miaka mingi. Utafiti mmoja wa 2010 kwenye nchi 6 za Ulaya, wagonjwa 352, waliopewa daftari lao baada ya kutoka ni asilimia 5 ndio waliopata ule mshtuko mkubwa wa akili unaobaki na mtu, wasiopewa ni 13. Baadae 2019 Wafaransa wakajaribu kwa wagonjwa 657 wasione tofauti, kwahiyo sisemi ni dawa ya kila mtu.

Kwa mama yangu lilifanya kazi. Kule nyumbani alikuwa bado anaamini lile jahazi, anasimulia kabisa lilivyokuwa linalala upande, maji yanavyoingia yanatoa mlio. Tukakaa kitandani nikamsomea daftari. Tarehe hii walikugeuza mara kadhaa usiku. Tarehe hii ulikuwa na makohozi mengi wakawa wanakunyonya kwa mpira mara kwa mara. Akanyamaza, akauliza ule mpira wa kunyonya unaliaje, nikamuigizia, akasema basi ndio maji yangu hayo. Na kitanda kulazwa ubavu huu na ubavu ule ndio jahazi kuyumba. Alipopata kuunganisha mwenyewe alianza kulala. Mimi kumwambia "ulikuwa unaota tu mama" mara mia isingesaidia, angeona namfanya muongo.

Sasa kuhusu sisi tuliokuwa nje.

Pa kusubiria hapafai. Ni koridoo na kibaraza, benchi moja, watu wametandika mikeka na khanga, mbu wa kutosha, choo mpaka uzunguke jengo. Mlinzi anapandisha sauti kwa kina mama watu wazima kana kwamba wamekuja kuiba. Kuna nesi wa Marekani, Nancy Molter, mwaka 1979 aliwauliza ndugu wa wagonjwa mahututi wanahitaji nini hasa, na majibu yake ukiyasoma utadhani kahoji watu wa kibaraza kile: kujua kuna tumaini, kuona wahudumu wanamjali mtu wetu, kujibiwa maswali kwa ukweli, kupigiwa simu hali ikibadilika, na pa kukaa karibu na mgonjwa. Miaka imepita na bado tunaomba benchi.

Na mila zetu nazo zizingatiwe. Huku kwetu mtu akiumwa usipoenda kumjulia hali ni kosa kubwa, ilikuja Coaster nzima kutoka Muheza, wameleta na ndizi na chupa za chai, wanaambiwa wanaingia wawili kwa dakika chache. Hapo lilitaka kutokea varangati. Naelewa kwa nini watu wengi hawaruhusiwi, maambukizi, nafasi ndogo, manesi wanashindwa kufanya kazi, lakini yale maelezo walipaswa kuyapata kwa nesi au afisa ustawi wa jamii, sio kwa mlinzi mwenye kirungu. Mwisho nesi alitoka akaongea na mzee wao mmoja, wakachagua wawili waingie, wengine wakasoma dua palepale nje na kila mmoja akatuma salamu, nesi akasema nitamfikishia, na kwenye daftari nikakuta kaandika "wageni kutoka Muheza wamekuja, wanakusalimu".

Taarifa. Siku za mwanzo ilikuwa vurugu, dokta huyu anasema anaendelea vizuri, yule wa jioni anasema tumuombe Mungu, mdogo wangu kaambiwa kitu kingine, tunapigiana simu kila mmoja na lake, unaona mwenzio anakuficha. Sista akaweka utaratibu, familia ichague msemaji mmoja, kila siku saa kumi jioni anapewa taarifa moja iliyonyooka, ikiwa mbaya inasemwa mbaya, na anaulizwa "umeelewa nini, hebu niambie wewe". Toka siku hiyo nikaanza kula. Wafaransa 2005 waliwapima ndugu miezi mitatu baada ya ICU, theluthi moja walikuwa na dalili za mshtuko wa akili, na kwa wale walioona hawakupewa taarifa za kutosha ilikuwa karibu nusu. Naamini kabisa. Usiku mimi simu ikiita moyo unataka kutoka, nikawa naogopa kuizima na naogopa kuiacha.

Kitu kibaya zaidi nilichokiona pale hakikutokea kwetu. Kijana mmoja alipewa taarifa ya kifo cha mama yake amesimama koridoni, kabeba fuko la pempasi alizotumwa kununua, watu wanapita katikati yao na toroli. Dokta kasema pole, kageuka kaondoka. Yule kijana hakujua hata zile pempasi aziweke wapi. Zamu nyingine nilimuona sista wetu akiwaingiza familia kwenye kijichumba cha kuhifadhia mashuka, kafunga mlango, kakaa nao kimya, alafu akawaruhusu wakamuage mtu wao kabla hajapelekwa mochwari. Chumba cha mashuka, hakina hata dirisha la maana, lakini kina mlango. Uongozi tafuteni chumba chenye mlango, tafadhali sana.

Alafu tukaruhusiwa, na hapa ndipo sikubaliani nao kabisa. Tulipewa dawa, tarehe ya kliniki ya sukari, basi. Hakuna aliyesema mama hataweza kunyanyuka chooni peke yake, kwamba miguu itakuwa imeisha nyama kwa kulala, nywele zitadondoka, atasahau kama kasali au bado, ataogopa kulala taa ikizimwa. Mita ya LUKU ikianza kulia unit zinakaribia kuisha mama anatetemeka, anashika kifua, kwake ule ni mlio wa moniteri. Tulikuwa hatujui, tunamwambia mama ni umeme tu, yeye jasho linamtoka. Sasa hivi tunanunua umeme kabla haujafika kwenye kulia. Mtu mwingine angesema bibi anadeka. Hata yeye alikuwa anaona aibu, anasema nimepona kwanini niwe hivi, watu wamenichangia.

Na hii ina jina tayari huko kwa wataalamu, wanaiita PICS, wataalamu wa Marekani walikubaliana jina hilo kwenye kikao cha 2010 na likachapishwa 2012, ni yale matatizo ya mwili, kumbukumbu na hisia yanayobaki baada ya ICU, na wakaweka kabisa na upande wa familia. Mdogo wangu ni dereva wa boda pale Ngamiani, yeye ndie aliyekuwa analala kibarazani, miezi baada ya mama kurudi bado hapiti barabara ya ile hospitali hata akipata abiria wa hela nzuri. Mgonjwa hakuwa yeye, kwahiyo hakuna aliyemuuliza.

Tulivyorudi wenyewe kulalamika tukaelekezwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo na kwa daktari wa afya ya akili, wote wapo hospitali hiyohiyo, na wote walitusaidia. Kumbe huduma ipo jengo la pili! Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia siku ya kuondoka.

Nawatetea manesi kwa jambo moja. Usiku nimewahi kuhesabu wawili kwa vitanda sita, na kwenye ICU inatakiwa nesi mmoja awe na mgonjwa mmoja au wawili basi. Ndani ya hali hiyo mtu anapata wapi dakika tano za kumkalisha mjomba wangu? Sehemu ya ule mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa shilingi trilioni 1.3 wa 2021 iliingia kwenye ICU za nchi hii, tumeona mashine, tunashukuru. Sasa ajirini manesi wa kukaa nazo, na wafundisheni wote anavyofanya yule mmoja ili isiwe bahati. Nilimkuta siku moja anafuta machozi kwenye sinki baada ya mtoto kufariki, akanawa uso, akavaa glovu, akarudi kwa mama kumuamkia.

Maksi zangu: manesi 9 kwa 10, hiyo moja nimetoa kwa sababu ya zamu zile nyingine. Taarifa kwa familia 6, ingekuwa 3 bila ile saa kumi jioni. Pa kusubiria 2. Kuagwa na ufuatiliaji 1.

Kama una mtu wako pale sasa hivi, mpeleke miwani na saa, nunua daftari leo, chagueni msemaji mmoja na mwambie nesi kiongozi mnaomba muda maalum wa taarifa, wengi watakubali mkiomba kwa adabu. Siku ya kuruhusiwa kabla hujaita bajaji ulizia mambo matatu: nani atamuangalia miguu yake, nani atamuangalia akili yake, na namba ya kupiga usiku akianza kuota. Sisi namba tulipewa tuliporudi, na ile ya mazoezi ya viungo ndio iliyomsaidia mama zaidi, wiki iliyopita kaenda mwenyewe hadi dukani kwa Mpemba kununua ukwaju.